DHARMA NA KARMA: MANENO MAWILI YANAYOMTEGA MFASIRI

Mfasiri anayekabidhiwa maandiko ya kale ya Kihindu hupata tatizo kabla ya kufika ukurasa wa kwanza, kwani hata neno "maandiko" halitoshi. Veda nne, yaani Rig, Sama, Yajur na Atharva, huitwa kwa Kisanskriti shruti, maana yake "kilichosikiwa". Kwa karne nyingi zilihifadhiwa vichwani na kupokezwa kwa sauti, mwalimu kwa mwanafunzi, kabla ya kuandikwa. Lakini maneno yanayohitaji uangalifu zaidi ni haya mawili.

(a) Dharma

Neno hili mara nyingi hufasiriwa "dini". Ni kweli kwamba katika Kihindi na Kigujarati cha leo lina maana hiyo pia. Katika maandiko ya kale, hata hivyo, maana yake ni pana zaidi. Mzizi wake ni "kushika, kutegemeza": dharma ni kanuni inayoushikilia ulimwengu na jamii, na pia wajibu wa mtu kwa mujibu wa nafasi yake.

Tuchukue mfano wa Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, iliyomo ndani ya utenzi mkuu wa Mahabharata. Katika uwanja wa Kurukshetra shujaa Arjuna anawaona jamaa na walimu wake upande wa adui, na upinde unamtoka mkononi. Krishna anamkumbusha dharma yake. Mfasiri akiandika "dini", msomaji atadhani kwamba hivi ni vita baina ya waumini na makafiri. Kumbe wanaopigana ni watu wa ukoo mmoja wanaogombea ufalme, na swali linalomtesa Arjuna ni la wajibu: aufuate wa askari au wa ndugu? Neno moja likikosewa, kitabu kizima kimepotoshwa.

(b) Karma

Hili nalo hufasiriwa "majaliwa" au "kudura". Mzizi wake ni "kutenda". Majaliwa humfikia mtu kutoka kwa Mungu. Karma hutoka mikononi mwake mwenyewe, nayo ni tendo pamoja na matokeo yanayomfuata hata katika maisha mengine. Methali yetu "Mpanda ovyo hula ovyo" inaikaribia zaidi. Krishna hufundisha kwamba mtu anayo haki juu ya tendo, bali hana haki juu ya matunda yake. Tukiandika "majaliwa" hapo, fundisho linageuka kuwa kinyume chake.

Mapendekezo

1. Maneno dharma na karma yakopwe kama yalivyo. Kukopa huku si kugeni: "laki" na "rupia" yana asili ya Kisanskriti.

2. Yanapotajwa mara ya kwanza yafuatwe na maelezo: dharma, "kanuni na wajibu", karma, "tendo na matokeo yake".

3. Sauti ya kwanza ya dharma katika Kisanskriti ni d yenye pumzi, si dh ya "dhahabu". Hata hivyo tahajia iliyozoeleka ibaki.

Wahindu ni majirani zetu wa siku nyingi mijini. Mwanafunzi akifundishwa kwamba jirani yake huyaachia mambo yote majaliwa, amefundishwa uongo, na kosa litakuwa letu sisi tuliochagua neno. Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.