Timu Ikikosa Watu: Funzo Kutoka Ireland

Mapadre na masista wengi waliotumikia Kenya walitoka Ireland. Kule kwao, parokia nyingi za mashambani zina klabu ya michezo ya kienyeji: hurling, inayochezwa kwa fimbo na mpira mdogo, na kandanda ya Kigaeli, ambayo mpira hushikwa kwa mikono na kupigwa teke pia. Chama chao, GAA, kilianzishwa mwaka 1884. Wachezaji hawalipwi, mtu huchezea kwao.

Siku hizi klabu ndogo zina taabu. Timu kamili ni watu 15, lakini vijana wakimaliza shule huenda Dublin kutafuta kazi, au Australia. Shule ya msingi ikipungukiwa watoto leo, baada ya miaka kumi timu haijai. Wanaobaki huchoka: mtu yule yule acheze, afundishe watoto, akate nyasi, tena awe mweka hazina.

Wanafanya nini? Klabu jirani huchanganya timu za watoto, huku ile ya wakubwa ikibaki na jina lake. Mashindano mengine huruhusu watu 13. Wengine huungana kabisa, na hapo ndipo penye uchungu, maana jirani ndiye mpinzani wa tangu babu. Lakini wakingoja mpaka wabaki wanane, hakuna cha kuunganisha.

Na sisi je? Zungumzeni kikundini:
1. Wanachama wangapi hawajafika miaka 30?
2. Kazi gani imemlemea mtu mmoja?
3. Tushirikiane na jirani kwa lipi, tungali na nguvu?