Je, Wajua? Kadi Ndogo, Kazi Ileile
Kwa michezo, kadi ya grafiki ya Intel Arc A380 haimfikii kaka yake, A770. Lakini kwa kugeuza video kutoka muundo mmoja hadi mwingine, zote mbili zina mtambo uleule! A380 imewekewa kiwango cha wati 75. A770, wati 225. Video haigeuzwi na viini vinavyochora michezo. Ina sakiti yake pembeni.

Tangu 2011 Intel imekuwa ikiweka sakiti kama hiyo ndani ya prosesa, kwa jina la Quick Sync. Huenda unayo tayari, basi usikimbilie dukani. Ila chunga herufi F: Core i5-12400F haina grafiki ndani.

Ukishachomeka kadi, Jellyfin, programu ya seva inayopeleka video zako kwenye runinga, haitaigusa mpaka uiwashe kwenye mipangilio. Na runinga ikiweza kucheza faili kama lilivyo, kadi inakaa bure.