Mstaafu wa Eastlands na Maskani ya Uzeeni

Mitaa mingi ya zamani ya Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, haikujengwa kwa nia ya mtu kuzeekea humo. Serikali ya kikoloni, iliyomhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni aliyekuja kwa kazi tu, mwenye kipande shingoni, na ambaye nguvu zikimwisha hana budi kurudi rizavu akafie huko, ilijenga vyumba vya makapera, navyo vikawa haba. Ilichukua hadi mwaka 1954 ndipo Kamati ya Carpenter, iliyochunguza ujira wa Waafrika, ikashauri kwamba mfanyakazi alipwe mshahara wa kumwezesha kukaa mjini pamoja na mke na watoto wake. Hata hivyo watu walizeeka. Walizeekea Pumwani, ambako tangu miaka ya 1920 wenyeji waliruhusiwa kujijengea nyumba za udongo. Walizeekea Shauri Moyo, walikohamishiwa watu wa Pangani ya kale ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakazeekea Kaloleni na Bahati, na baada ya uhuru Buruburu, Umoja na Dandora. Wengi wao, wanawake hasa, hawakuwa na rizavu ya kurejea: kwao palikuwa Majengo ya Pumwani, ndugu zao ni majirani, na mirathi yao waliigawia watoto waliowalea ilhali hawakuwazaa.

Nasema haya kwanza kwa sababu swali la wapi pa kukalia uzee linapomjia mtu wa Eastlands, akiwa karani, dereva, mwalimu au muuguzi, hudhani kwamba jibu lake lilikwisha kuandikwa: mtu akistaafu, arudi kwao. Watumishi wa serikali hustaafu wakiwa na miaka 60, tangu umri huo ulipoongezwa mwaka 2009 kutoka miaka 55. Na Katiba ya mwaka 2010 nayo imeuweka umri huo huo wa miaka 60 kuwa mwanzo wa uzee, ikatamka katika kifungu cha 57 kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, asidhulumiwe, na apate matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa dola. Siku kiinua mgongo kinapoingia benki, madalali wa ploti huanza kupiga simu, wana wa ndugu huanza kukumbuka ujamaa, na mstaafu, ambaye hakuwahi kushika fedha nyingi kiasi hicho kwa mara moja, hununua ardhi kwanza, kisha hujenga nyumba, kisha, mwisho kabisa, ndipo huuliza atakaa na nani. Naona mpango huo umepinduka juu chini. Mzee aanze na watu, afuatishe hospitali na maji, na ardhi ije nyuma ya hayo yote.

Tuchukue kwanza huko kunakoitwa ushago, yaani kijijini kwa baba. Mtu aliyeondoka Siaya, Kakamega au Murang'a akiwa kijana, akarudi kila Krismasi na sukari, majani ya chai na fedha za karo, anajulikana nyumbani kama mgeni mkarimu. Hajulikani kama jirani. Wenzake wa rika wengi wamekwisha kuzikwa, na mpaka wa shamba lake umesogezwa hatua moja kila msimu wa kulima. Mkewe, ambaye pengine amezaliwa Makadara na lugha ya wakwe zake huifahamu nusunusu, hupelekwa mahali ambapo mume akitangulia kufa yeye atabaki na wakwe. Sheria ya Urithi inamlinda mjane, lakini sheria hukaa mahakamani na shemeji hukaa ng'ambo ya ua. Kesi ya marehemu wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, ilionyesha taifa zima jinsi mtu anavyoweza kuishi Nairobi miaka mingi, akaoa huko na kununua shamba jirani na huko, na bado ukoo ukadai kwamba kwao ni kwingine. Mahakama ikaupa ukoo haki, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya, mwezi Mei 1987, dhidi ya matakwa ya mkewe Wambui. Mzee asiyetaka jamaa zake wabaki na ugomvi wa namna ile aandike wosia mapema, na aseme waziwazi mbele ya ndugu na wana pamoja, si mbele ya upande mmoja.

Katika baadhi ya vijiji vya Kilifi kuna hatari kubwa kuliko hiyo, ambako mvi zimekuwa sababu ya mtu kutuhumiwa uchawi, na nyuma ya tuhuma mara nyingi pakawapo shamba linalotamaniwa. Kituo cha Kaya Godoma, huko Ganze, kimewahifadhi wazee waliokimbia wana wao wenyewe. Sisemi kwamba kila arudiye nyumbani anakwenda penye shari, hasha. Wako waliorudi wakapata faraja kubwa, wanafuga ng'ombe wawili watatu na kuketi katika baraza ya kanisa au msikiti. Hao, ukichunguza, aghalabu ni wale ambao hawakuacha kuzika na kuozesha pamoja na wenzao kwa miaka yote ya kazi, hata walipostaafu hawakuwa wanahamia mahali papya.

Njia ya pili ndiyo iliyoshika kasi siku hizi, nayo ni kuhamia kaunti nyingine kabisa, ambayo si ya mjini wala si ya baba: Joska na Malaa kandokando ya barabara ya Kangundo, katika Machakos, Kitengela na Kisaju katika Kajiado, Juja na Ruiru katika Kiambu. Ploti huko ni nafuu kuliko za mjini, hewa ni safi, na mtu huona kwa macho yake nyumba yenye ua na mwembe. Juu ya njia hii nitakaa kitambo, maana ndiyo yenye mengi yasiyosemwa siku ya kwenda kutazama ploti, siku ambayo, wewe msomaji utaona, aghalabu huwa Jumamosi yenye jua.

Nenda siku ya mvua. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha huvimba na jua likiwaka hupasuka, na nyumba iliyojengewa msingi mfupi juu yake huanza kuonyesha nyufa pembeni mwa madirisha kabla rangi haijachakaa. Sharti udongo huo uchimbwe uondolewe mpaka kufikia mwamba au kifusi kigumu, na gharama ya kazi hiyo dalali haitaji. Matatu humwacha mtu kwenye lami. Kutoka hapo hadi kwenye lango la nyumba, wakati wa masika, ni matope yanayoshika kiatu na kukivua mguuni, na bodaboda hukataa kuingia. Kijana hulicheka jambo hilo. Mwenye goti bovu hufungwa nalo ndani wiki nzima.

Kisha onja maji. Visima vingi vilivyochimbwa katika nyanda hizo hutoa maji ya chumvi, na maji ya chini ya ardhi ya Nairobi na jirani zake yanajulikana kuwa na madini ya floraidi kwa wingi, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia na, yakizidi kwa miaka mingi, hudhuru mifupa. Uliza majirani wananywa nini. Wakikuonyesha mitungi ya maji iliyopangwa nje ya duka, basi jua kwamba katika hesabu ya pensheni yako kuna fungu la maji kila wiki.

Hospitali nayo ipimwe kwa saa ya usiku. Mzee wa Eastlands mwenye kisukari au shinikizo la damu amezoea kwenda kliniki kwa miguu, Makadara, Bahati au Jericho, na ugonjwa ukizidi apelekwe hospitali ya Mama Lucy. Daftari lake linajulikana, muuguzi anamjua kwa jina, na dawa ikikosekana kuna duka la dawa kila pembe. Huko aendako, kituo kipi kiko wazi saa nane za usiku? Kinapokea bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024? Gari la kumpeleka litatoka wapi, na mwenye gari anaishi umbali gani? Haya si maswali ya woga, ni maswali ya mtu anayeipenda nafsi yake na wale watakaoamshwa kwa ajili yake.

Kuhusu hati, wanaokumbuka mashaka ya ardhi ya kampuni ya Embakasi Ranching, ambayo wanahisa wake wengi walingoja hati miliki kwa miongo ya miaka, wengine wakakuta ploti moja ina wenyewe wawili, hawahitaji kuhimizwa na mtu. Cheti cha hisa si hati. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi kwa nambari ya ploti, usipokee karatasi ya upekuzi kutoka kwa muuzaji. Lete mpima aonyeshe mawe ya mpaka. Na jina la mke na la mume yaandikwe yote mawili.

Lakini liko jambo la tatu, nalo ni kubaki, ambalo watu huliona kama kushindwa ilhali kwa wengi ndilo la busara. Mzee wa Buruburu aliyelipia nyumba yake kwa mkopo wa miaka mingi, akaiongezea vyumba nyuma na mbele, hula kodi ya vyumba hivyo mwisho wa mwezi. Mzee wa Umoja aliyejenga ghorofa hukaa chini na wapangaji juu, na mlango wake huwa wazi mchana kutwa. Katika mtaa mkongwe kama Kaloleni, wenye nyumba za mawe za chini na miti iliyopandwa kabla ya uhuru, wazee hukaa kivulini kwa mchezo wa drafti, mama wa mboga hupita mlango kwa mlango, na akiona dirisha la bibi fulani halijafunguliwa kufikia saa tatu za asubuhi, huweka beseni chini na kubisha: "Shosho, umeamkaje leo?" Huduma hiyo hailipiwi ada, wala hainunuliwi pamoja na ploti. Yeyote ahamaye na apime kwanza ni miaka mingapi itamchukua kuipata tena kwingine.

Kubaki nako kuna hatari zake, na aliye mpangaji hana usalama wa mwenye nyumba. Mwaka 2010 wakazi wa Muthurwa, baadhi yao wakiwa wastaafu wa reli, walipewa amri ya kuhama na mfuko ule ule wa pensheni wa wafanyakazi wa reli uliomiliki nyumba hizo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao za kikatiba zilivunjwa. Leo, chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 na mipango ya kaunti ya kufufua mitaa ya kale, nyumba za chini zinapangiwa kubomolewa ili majumba marefu yasimame. Sipingi ujenzi. Ila mzee anayeahidiwa kurudishwa aulize, na ajibiwe kwa maandishi, atapewa ghorofa ya ngapi, na umeme ukikatika lifti itamshushaje.

Zimebaki nyumba za wazee, ambazo kwetu hutajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Nairobi na kandokando yake zipo chache: Nyumba ya Wazee huko Kasarani, ya Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839 na Jeanne Jugan, aliyempokea kikongwe kipofu akampa kitanda chake mwenyewe; makao ya Thogoto huko Kikuyu, ya Kanisa la PCEA; na Mji wa Huruma, upande wa Runda, ya serikali ya kaunti. Zanzibar, makao ya Sebleni na Welezo yanatunzwa na serikali, ambayo tangu Aprili 2016 humlipa pia pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Hapa Kenya mpango wa Inua Jamii umewaingiza wote wa umri huo tangu 2018, kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, fedha zisizotosha kodi ya chumba. Marekani wamekwenda mbali zaidi: mwaka 1960 ulifunguliwa Sun City, Arizona, mji mzima wa wastaafu bila watoto. Mimi nisingeutamani mji usio na kelele za watoto, lakini nakiri kwamba waliouhamia walichagua kwa hiari yao, wakiwa bado na miguu ya kutembea na akili ya kulinganisha, ilhali wazee wetu wengi huchaguliwa na watoto wao wakiwa wamelala hospitali.

Atakayezuru nyumba ya wazee kwa nia ya kuhamia, asiende saa ya wageni. Aende saa ya chakula, aone kama asiyeweza kujilisha analishwa kikiwa bado moto. Aulize nani hushika zamu ya usiku na wako wangapi. Na akae kando ya wenyeji wawili watatu asikie kama wanajuana kwa majina. Na atakayehamia kaunti mpya, kabla ya kununua hata tofali moja, apange chumba huko kuanzia Machi hadi Juni, mvua zote za masika zimkute, aende kanisani au msikitini, augue hata mafua akatibiwe huko. Na nyumba yake ya Eastlands, iwe yake au ya kupanga, asiiuze wala asirudishe funguo mpaka miezi hiyo ipite.