Dakika 31 za Busisi

Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Lina urefu wa kilomita 3 na limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Kivuko kilichukua kama dakika 35 kukatiza Ghuba ya Mwanza. Gari sasa linapita kwa dakika 4 hivi. Tumeokoa dakika 31, na kwa mabilioni hayo mtu anaweza kudhani tumepunjwa.

Tupige hesabu. Tuseme mfanyabiashara wa Sengerema huenda Mwanza na kurudi mara 2 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka. Kila safari humpa dakika 62; kwa safari 100 ni dakika 6,200, yaani saa 103, karibu siku 13 za kazi ya saa nane. Hapo foleni ya kivuko bado hatujaihesabu. Ongeza saa 1 ya kusubiri kila upande, na akiba inafika saa 303: siku 38 za kazi.

Hata hivyo, foleni ilikuwa na ubaya mwingine: haikutabirika. Wavuvi wa dagaa ziwani hupoteza usiku mwingi mbalamwezi ikiwaka, kwa sababu taa zao hazivuti samaki vizuri, lakini mwezi una kalenda. Siku hizo hushona nyavu na kutengeneza mitumbwi. Foleni ya Busisi haikuwa na kalenda. Leo ungeingia kivukoni moja kwa moja, kesho ungesimama juani kwa muda wa saa 2. Mwenye miadi katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, saa nne asubuhi alilazimika kupanga safari kwa kufuata siku mbaya, hata kama siku yenyewe ingekuwa nzuri. Asipokuta foleni, alifika mapema na kuketi kwenye benchi. Saa 2 zake zilishaliwa, foleni iwepo isiwepo.

Je, daraja linajilipa? Gawa bilioni 700 kwa miaka 100, bila riba wala matengenezo: bilioni 7 kwa mwaka, kama milioni 19 kwa siku. Ukiikadiria saa ya mtu kuwa Sh 2,000, watahitajika watu 9,600 hivi, kila mmoja akiokoa saa 1 kwa siku. Ni mabasi 160 ya abiria 60. Ni wengi, ingawa barabara hii ndiyo ya Geita na Kagera hadi Rwanda, na hapo sijahesabu malori, wala sangara anayeyeyukiwa na barafu.

Kuna hesabu moja wachuuzi wachache huipiga. Kivuko kiliwafundisha kufunga shughuli pamoja: benki, duka la jumla na mamlaka ya mapato (TRA), vyote kwa safari moja. Tuseme safari hiyo ilichukua saa 5, na sasa inachukua 2. Kwa kuwa Mwanza imekuwa karibu, Jumatatu mchuuzi anafuata mzigo, Jumatano anakumbuka benki, Ijumaa anarudi kwa risiti. Wiki ya kivuko ilimla saa 5 na nauli ya safari moja. Wiki ya daraja inamla saa 6 na nauli za safari tatu.