Maganda ya masasi shambani: rangi inaonyesha nini, na inaficha nini?

Msimu wa kulima ukifika Masisi na Walikale, jembe linatoa ndani ya udongo vitu ambavyo hakuna mtu alivipanda. Maganda ya masasi ni kati ya hivyo. Moja linang'aa kama dhahabu, lingine limekuwa jeusi, lingine ni kijani sawa vile majani, lingine lina madoa mekundu. Watoto wanayaokota kwa kuchezea. Wakubwa wanafikiri kuyauza kwa kilo kwa wenye kununua vyuma. Na maneno yanazunguka: ati lile la kijani limekufa, haliwezi tena kuumiza mtu, ati ukilisafisha vizuri linarudi kuwa jipya na linaweza kujazwa tena. Tuangalie ukweli uko wapi.

Kwanza tukumbuke kwamba vita huku kwetu si ya jana. Mwezi wa tatu 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Tangu pale makundi yenye kumiliki silaha hayajaisha. Waasi wa M23 waliingia Rubaya mwisho wa mwezi wa nne 2024, Masisi-centre mwezi wa kwanza 2025, na Walikale-centre mwezi wa tatu 2025, mbele ya kutoka tena mwanzo wa mwezi wa nne. Kwa hiyo katika shamba moja, ganda la miaka 30 na ganda la juzi yanaweza kulala pamoja.

Kwa nini rangi inageuka?

Maganda mengi yanatengenezwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu karibu sehemu 70 na zinki sehemu 30. Shaba hii inachaguliwa kwa sababu ina ulaini fulani: risasi ikilipuka, ganda linatanuka na kuziba nyuma ya mtutu, kiisha linarudi kidogo na kutoka. Haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini hewa, maji na udongo vinaigeuza rangi. Kila rangi ina sababu yake.

Kahawia au nyeusi: ni ngozi nyembamba inayoletwa na hewa, unyevu na jasho la mikono, au ni masizi ya baruti. Chini yake shaba iko salama.

Bluu au kahawia kuzunguka shingo: hii inatoka kiwandani. Wanapasha moto sehemu ya mdomo kusudi isipasuke. Haiko uharibifu hata kidogo.

Kijani: mvua na chumvi za udongo zimeanza kula shaba. Kama ni unga wa juu tu, si kitu. Kama imechimba vishimo, ganda limekuwa dhaifu.

Pinki au nyekundu: hapa zinki imetoka, imebaki shaba yenye matundu madogo kama sifongo. Hili ni doa baya kuliko yote. Siki au asidi nyingine ikikaa sana juu ya ganda inaweza kuleta uharibifu ule ule. Kwa hiyo kuna kusafisha kunakoharibu.

Nyufa za urefu: karne ya 19, jeshi la Waingereza kule India liliona masasi yake yanapasuka yenyewe ndani ya ghala msimu wa mvua, na hakuna aliyeyapiga. Yalikuwa yamewekwa karibu na mazizi ya farasi. Sababu ilielezwa vizuri mwaka 1921: ni amonia inayotoka katika mkojo wa wanyama. Mfugaji wa Masisi ataelewa haraka. Ganda lililolala ndani ya zizi la ng'ombe linaweza kuonekana safi na kumbe limepasuka.

Tena, si kila kijani ni ya shaba. Maganda mengi ya AK ni ya chuma, yamepakwa rangi ya kijani au shaba nyembamba juu yake. Sumaku ya spika ya redio iliyokufa inayashika. Hayo ndiyo yanaoza kwa kutu nyekundu.

Je, linaweza kujazwa tena?

Katika inchi kama Marekani, wawindaji na wapiga shabaha wanaruhusiwa kujaza maganda yao wenyewe. Hata wao wana kanuni: weusi peke yake hauwatishi, lakini vishimo, pinki na nyufa vinamaanisha kutupa. Sababu ni moja. Risasi ya bunduki ya vita ikilipuka, nguvu ndani ya ganda inapita mara 3,000 ile ya hewa tunayopumua. Ganda likipasuka, moto na vipande vinarudi nyuma, kwenye uso wa mwenye kushika bunduki. Na ganda la udongoni hakuna anayejua limepitia nini. Zaidi ya hapo, maganda mengi ya AK hayakutengenezwa kwa kutumika mara ya pili.

Na huku kwetu, silaha na masasi vinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mkaaji asiye na ruhusa ya serikali hana haki ya kuyachunga.

Kitu ambacho rangi haiwezi kukuambia

Hapa ndipo watu wanaumia. Rangi inaeleza ngozi ya ganda tu. Haielezi kama ndani kuna baruti. Baruti imefungwa ndani, na inaweza kukaa miaka mingi bila kufa, hata nje kukiwa kijani kabisa.

Angalia mdomo, bila kushika. Kama ncha ya risasi bado iko, ile ni risasi nzima, siyo ganda. Hata kama chini kuna alama ya kugongwa, usiamini: kuna risasi zinazogongwa na kukataa kulipuka. Na kama udongo umeziba mdomo mpaka huoni vizuri, ihesabu kuwa nzima.

Risasi nzima ikiingia motoni inapasuka na kurusha vipande vya shaba. Ndiyo maana kuyeyusha kiloba cha maganda ni hatari: moja nzima ikijificha kati ya mia, inatosha kuondoa jicho. Tena mara nyingi fataki ndogo ya chini, ile inayowasha baruti, inaacha vumbi lenye madini ya risasi, yale yale yanayotumika ndani ya batri za motokari. Ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Watoto wasiweke maganda mdomoni, wasiyapige kama filimbi, na aliyeyashika anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula.

Kuna maandishi chini yake

Kwenye kitako cha maganda mengi kuna namba za kiwanda na za mwaka. Ndizo zinazoeleza umri, siyo rangi. Tangu 2004, Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo linachunguza masasi na silaha kusudi kujua zinapita njia gani kuingia inchini. Pia bunduki inaacha mikwaruzo yake juu ya ganda. Mahali watu waliuawa, anayekusanya maganda na kuyasugua yang'ae anafuta ushahidi ambao familia zinaweza kuuhitaji siku moja.

Ukiyakuta, ufanye nini?

Simamisha jembe. Usiokote, usitupe mtoni, usichome pamoja na majani. Mahali kuna maganda mengi, kunaweza kuwa pia gruneti au bomu, basi rudi kwa njia uliyojia. Weka alama inayoonekana mbali kidogo, kama vijiti au mawe, kiisha umjulishe chifu wa kijiji ili habari ifike kwa wenye kazi ya kutegua mabomu. Na jioni, waambie watoto maneno machache: kijani, jeusi au la dhahabu, hatuokoti.