Majina na umiliki wa shule za Kilutheri nchini Tanzania

Umiliki wa pamoja wa shule za Kilutheri ni utaratibu ambao sharika kadhaa, majimbo au dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hubeba pamoja gharama na usimamizi wa shule au chuo ambacho awali kilikuwa cha usharika mmoja, cha kituo kimoja cha misheni au cha dayosisi moja. Mara nyingi utaratibu huo huambatana na kubadili jina la shule. Watu huyazungumza mambo hayo mawili kama jambo moja, lakini katika historia ya Tanzania jina na umiliki vimekwenda njia tofauti: zipo shule zilizobadili mmiliki zikabaki na jina lake, na zipo zilizobadili jina huku mmiliki akiwa yuleyule.

Suala hili linahusu hasa miji inayokua haraka kama Mwanza. Katika kata kama Butimba, wilaya ya Nyamagana, waumini wa Kilutheri wametoka sehemu nyingi na wamegawanyika katika sharika zilizo karibu karibu. Shule iliyojengwa na usharika mmoja hupata wanafunzi kutoka mji mzima, ila madeni yake hubaki kwa wale wachache walioianzisha.

Majina wakati wa misheni

Wamisionari Wajerumani walipofika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 walivipa vituo vyao kadhaa majina ya kwao. Kituo cha Mlalo katika milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1891, kiliitwa Hohenfriedeberg. Wenyeji hawakulishika jina hilo. Likafa, Mlalo ikabaki. Tangu hapo shule za Kilutheri kwa kawaida ziliitwa kwa jina la mahali zilipo: Marangu, Ashira, Ilboru, Kinampanda.

Hapo kuna tofauti na Wakatoliki na Waanglikana, waliopenda kuzipa shule zao majina ya watakatifu. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ilikuja kuwa na maana baada ya uhuru.

Kutaifishwa kwa shule

Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea vilitangazwa mwaka 1967. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya 1969, na kuanzia mwaka 1970 serikali ilichukua shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Seminari ziliachwa mikononi mwa makanisa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuandaa watumishi wa dini.

Shule zenye majina ya watakatifu zilibadilika machoni pa kila mtu. Chuo cha Mtakatifu Fransisko, alikofundisha Julius Nyerere, kikawa Shule ya Sekondari Pugu. Chuo cha Mtakatifu Andrea kikabaki Minaki tu. Chuo cha Marian mjini Morogoro kikawa Kilakala. Shule za Kilutheri hazikuhitaji hata kubadili kibao cha barabarani: Ilboru iliendelea kuitwa Ilboru, na Ashira ikabaki Ashira. Mmiliki aliondoka bila jina kuonyesha kwamba ameondoka. Ndiyo sababu Watanzania wengi leo wanajua kwamba Pugu ilikuwa ya Wakatoliki, lakini wachache wanajua kwamba Ilboru ilianzishwa na Walutheri.

Makumira: chuo cha wote

Mfano mkubwa wa umiliki wa pamoja katika Ulutheri wa Tanzania ni Makumira. Chuo cha theolojia kilianza mwaka 1947 huko Lwandai, katika eneo lilelile la Mlalo, wakati makanisa ya Kilutheri ya Tanganyika yalikuwa bado mbalimbali. Mwaka 1954 kilihamia Makumira, karibu na Usa River kwenye barabara ya Arusha na Moshi. Kilikuwa mali ya wote kabla ya Kanisa lenyewe kuwa moja, kwa kuwa KKKT iliundwa tarehe 19 Juni 1963 kwa muungano wa makanisa saba, Stefano Moshi akiwa kiongozi wake wa kwanza.

Jina la mahali halikumkwaza mtu. Hakuna dayosisi iliyoona kwamba Makumira ni ya Wameru kwa sababu tu imo katika nchi yao. Mwaka 1997 kilipokuwa chuo kikuu kishiriki kiliingia chini ya jina la Tumaini, jina ambalo halikuwa la mahali wala la mtu, na hivyo liliweza kubeba pamoja vyuo vya Makumira, Iringa na KCMC ya Moshi. Muungano huo wa majina haukudumu. Iringa ilijitenga na kuwa Chuo Kikuu cha Iringa mwaka 2013, na Makumira sasa inajulikana kama Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, jina la umoja na jina la mahali yakiwa yamewekwa pamoja.

Njia nyingine iliyotumika ni kutumia majina ya viongozi marehemu. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilikiita chuo chake cha Magamba, Lushoto, kwa jina la askofu Sebastian Kolowa. Moshi kuna chuo chenye jina la Stefano Moshi, na Bukoba kilianzishwa chuo kwa jina la Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani (1977-1984). Jina la askofu huheshimika, lakini kwa lengo la kushirikisha watu wengi lina udhaifu: kila askofu anakumbukwa zaidi katika dayosisi yake.

Mwanza na ufuko wa ziwa

Upande wa kusini wa Ziwa Viktoria haukuwa nchi ya Walutheri. Waanglikana wa CMS walifika Kageye mwaka 1877, Wamisionari wa Afrika wakajenga Bukumbi mwaka 1883, na Nassa ikapita mikononi mwa African Inland Mission mwaka 1909. Walutheri walikuwa ng'ambo ya ziwa: wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910. Kanisa lao mjini Mwanza lilikua kwa kiasi kikubwa kutokana na wahamiaji, kama vile Wahaya waliovuka kwa meli, Wachagga wafanyabiashara, na watumishi wa serikali waliopangiwa kazi kutoka mikoa mingine.

Kwa sababu hiyo Dayosisi ya Mashariki ya Ziwa Viktoria, yenye makao yake Mwanza, haikurithi shule kubwa za misheni kama zile za Kilimanjaro. Shule zake ni za kizazi cha baadaye, serikali iliporuhusu tena mashirika ya dini kufungua sekondari kwa wingi, na zimejengwa kwa sadaka, minada ya mavuno na misaada ya makanisa rafiki ya ng'ambo. Baadaye sehemu ya eneo lake iliwekwa chini ya dayosisi mpya, ile ya Kusini Mashariki mwa Ziwa Viktoria, yenye makao yake Shinyanga. Kila dayosisi inapozaa nyingine swali la shule hurudi mezani: iende na nani, na nani alipe madeni yake?

Mfano ulio karibu kabisa na Butimba ni wa Wakatoliki. Nyegezi, kata jirani, palifunguliwa mwaka 1960 chuo cha mafunzo ya jamii wakati wa askofu Joseph Blomjous wa Mwanza. Mwaka 1998 maaskofu wote wa Tanzania, kupitia Baraza lao la Maaskofu, walikifanya chuo kikuu cha taifa zima, na jina likawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Chuo hakikuhama ziwani, lakini jina la mtaa lilipisha jina ambalo askofu wa Mtwara au wa Mbulu angeweza kuliita lake.

Jina "Butimba" lenyewe lina mzigo wa pekee. Nchini linajulikana kwa Chuo cha Ualimu na kwa gereza. Mtu akisema alikaa Butimba miaka miwili, msikilizaji hulazimika kuuliza ni upande upi. Shule ya kanisa inayotafuta wanafunzi wa bweni kutoka Geita, Simiyu au Mara ina sababu nzuri ya kufikiria jina lingine, hata kabla ya suala la umiliki kuingia.

Kwa nini sharika huungana

Sababu kuu ni fedha. Katika miaka ya 1980 na 1990 nafasi za sekondari zilikuwa chache, na shule ya kanisa ilijaa bila kutangazwa. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata kila mahali, na kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Shule ya kanisa yenye ada ikabaki kushindana na shule isiyo na ada iliyo hatua chache kutoka kwake. Wakati huohuo walimu wanadai mishahara kila mwezi, na sadaka za Jumapili hazifuati kalenda ya mishahara.

Sharika zinapoungana, kila mmoja hupewa mgawo wa mwaka, kwa kawaida kulingana na idadi ya waumini, na hupata mjumbe katika bodi ya shule. Hapo ndipo mabishano huanza. Usharika mama, uliotoa kiwanja na kufyatua matofali, huona kwamba mali yake inagawiwa. Sharika nyingine hujibu kwamba haziwezi kuomba waumini wao wachangie "shule ya watu wa kule". Mabadiliko ya jina huwa bei ambayo usharika mama hulipa ili wengine waingie. Pale ambapo jina jipya limechaguliwa kabla ya kukubaliana migawo, usharika mama hupoteza jina na bado hubaki na madeni.

Upande wa sheria

Wengi hudhani kwamba usharika unaochangia unakuwa mmiliki. Kisheria sivyo. Usharika peke yake si nafsi ya kisheria. Mali ya Kanisa hushikiliwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini (Sura ya 318), ambayo sasa inasimamiwa na RITA. Hivyo sharika kumi zinapotangaza kwamba zinamiliki shule kwa pamoja, hati ya kiwanja huendelea kuwa na jina la wadhamini. Zinachopata ni sauti, yaani viti katika bodi, haki ya kuona hesabu na haki ya kushauri kuhusu mkuu wa shule. Sauti hiyo ina nguvu kadiri ilivyoandikwa katika katiba ya shule. Isipoandikwa hutegemea hiari ya waliopo ofisini.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kiwanja. Mara nyingi kanisa, nyumba ya mchungaji na shule vimo katika hati moja. Shule ikichukua mkopo na hati hiyo kuwekwa dhamana, kanisa nalo limewekwa dhamana, pengine bila waumini wanaosali humo kujua. Kupima upya na kutenga kiwanja cha shule ni kazi ya kuchosha na yenye gharama, lakini ina uzito kuliko uchaguzi wa jina.

Mgogoro wa Meru mwanzoni mwa miaka ya 1990, uliohusu kujitenga na Dayosisi ya Kaskazini na kuunda dayosisi ya Meru, ulionyesha mambo yanavyoweza kwenda vibaya watu wasipokubaliana nani ana haki juu ya majengo waliyoyajenga wao wenyewe. Makanisa yaliharibiwa na familia zikagawanyika.

Utaratibu wa kubadili jina

Shule zisizo za serikali husajiliwa kwa Sheria ya Elimu ya 1978 (Sura ya 353), iliyorekebishwa mwaka 1995. Sheria hiyo humtambua mmiliki na meneja wa shule, na mabadiliko ya jina, ya mmiliki au ya meneja hupelekwa kwa Kamishna wa Elimu. Kila badiliko ni ombi la pekee: kibali cha jina jipya hakimaanishi kwamba mmiliki mpya ametambuliwa.

Ndani ya Kanisa hoja hupita kwanza kwenye baraza la wazee la kila usharika, kisha jimbo, kisha halmashauri ya dayosisi. Muhtasari wa kila kikao hutunzwa, kwa kuwa ndio ushahidi pekee kwamba usharika fulani ulikubali mgawo wake.

Baada ya kibali hufuata kazi ndogondogo: akaunti ya benki, namba ya mlipakodi, michango ya walimu katika mifuko ya hifadhi ya jamii, mihuri, sare, na jina la kituo katika Baraza la Mitihani (NECTA). Namba za usajili ndizo zinazounganisha shule ya zamani na mpya. Mhitimu wa zamani hubaki na cheti chenye jina la zamani, na akiomba kazi huenda akaulizwa kuhusu shule ambayo haionekani tena kwenye orodha. Shule zilizo makini humwandalia barua ya utambulisho inayotaja majina yote mawili na mwaka wa mabadiliko.