Adapta hubadilisha mdomo, haibadilishi bomba

Majuzi nilialikwa harusi mtaani kwetu. Baada ya sala ya Isha nilipita nyuma ya hema, nikaona waya umetolewa kwenye dirisha la jirani, mama mmoja mjane, ukavuka kichochoro. Mwisho wa waya kulikuwa na adapta ya njia tatu. Juu ya adapta pamechomekwa ekstensheni, na kwenye ekstensheni friza mbili za soda, taa za hema, spika na birika kubwa la umeme la chai ya wageni.

Nikagusa plagi. Ilikuwa moto, mkono hauvumilii. Nikamwambia kijana aliyekuwa akisimamia apunguze vitu. Akanijibu kwa adabu, "Ami, usiwe na wasiwasi. Adapta ni mpya, na kila kitu kimeingia."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mimi nilisomea stashahada ya umeme, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona kosa lililoenea kama hili: kudhani kwamba plagi ikiingia basi mambo yako sawa.

Adapta kazi yake ni moja tu, kubadilisha umbo la mdomo. Ukifunga mfereji wenye midomo mitatu kwenye bomba jembamba, hujaongeza maji, umeongeza wanaoyagombania. Umeme nao ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba maji yakizidiwa hupungua, ilhali waya ukizidiwa hupata moto.

Tupige hesabu. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 240, na soketi ya kawaida ya pini tatu za mraba imeundwa kubeba ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Huo ndio mzigo wa soketi moja, hata ukiitundikia adapta kumi. Birika kubwa kama lile la harusini linaweza kula wati 2,500 peke yake. Ongeza friza, spika na taa, tuseme wati 1,200. Tayari tuko 3,700, zaidi ya ampea 15.

Utauliza, mbona fyuzi ya plagi haikukatika? Fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo mzigo ukizidi kidogo. Inaweza kuvumilia kwa muda mrefu huku plagi, adapta na soketi vikijipika polepole. Hapo ndipo hatari ilipo. Na baadhi ya adapta za bei rahisi hazina fyuzi kabisa.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kule Marekani kuna magari ambayo ni nyumba kamili, yana kitanda, jiko, choo na AC. Gari la namna hiyo huwa na plagi kubwa ya ampea 30 au 50, na kwenye kambi za wasafiri kuna soketi zake maalumu. Mwenye gari akienda kumtembelea nduguye, hukuta ukutani soketi ya kawaida ya ampea 15, na umeme wao ni volti 120. Hununua adapta, plagi ikaingia. Lakini gari la ampea 30 limezoea wati 3,600, na soketi ile mwisho wake ni 1,800. Anayejua huwasha taa na kuchaji betri, akaiacha AC imezimwa. Asiyejua huwasha AC na jiko la umeme pamoja, na akibahatika swichi ya usalama hujizima. Asipobahatika, plagi huyeyuka. Harusi yetu na gari lile ni kisa kimoja: mzigo mkubwa umepewa mdomo mdogo.

Kuna kosa la pili, nalo huja na mizigo ya jamaa zetu walio ng'ambo. Vifaa vinavyouzwa Dubai na Oman kwa kawaida havina shida, maana volti zao zinakaribiana na zetu. Lakini blenda au mashine ya kukaushia nywele iliyonunuliwa Marekani kwa volti 120, ukiitilia adapta na kuichomeka hapa, adapta haitapunguza volti hata moja. Kifaa cha kutoa joto kitapata nguvu mara nne ya kile kilichoundiwa, na kitaungua hapo hapo. Kinachohitajika ni transfoma yenye wati za kutosha. Kwa hivyo soma kibandiko kwanza. Kikisema 100 hadi 240, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, adapta pekee inatosha. Kikisema 120 basi, usijaribu.

La tatu tunalifanya sote. Plagi ya pini mbili za duara tunailazimisha kwenye soketi kwa kuingiza kijiti au kalamu kwenye tundu la juu. Tundu lile ni njia ya kupeleka umeme ardhini kifaa kikiharibika, na pini yake ndefu ndiyo inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini, vilivyowekwa ili mtoto asitie kitu. Ukitumia kijiti umefungua mlango wa hatari na mlinzi umemwacha nje.

Nyumba zetu nyingi za Mji wa Kale, Mombasa na Lamu, zimebanana ukuta kwa ukuta, na dari zake ni za boriti. Moto ukianza kwako hauishii kwako. Birika, pasi na jiko la umeme vipe kila kimoja soketi yake ukutani. Ekstensheni ya kuzungushwa ikunjue yote, kwani ikiwa imekunjwa joto hukosa pa kutokea. Plagi ikiwa moto au ikinuka plastiki, zima. Na mkiwa na shughuli kubwa, mwiteni fundi mwenye leseni ya EPRA awape laini ya kutosha, au kodini jenereta.

Usiku ule tulilitoa birika, chai ikapikwa kwa gesi. Asubuhi nilikwenda kwa yule mama kuitazama soketi yake. Ilikuwa nyeusi, na plastiki imeanza kupinda. Nyuma ya pazia lile lile walikuwa wamelala wajukuu wake watatu.

Soketi tumembadilishia. Bwana harusi amelipa, na kijana yule ndiye aliyemshikia fundi ngazi.